Feri ya Kurudi

Mama alizaliwa kwenye kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, akaolewa Kisaju, kwa Wamasai, mahali ambapo maji yalikaa kwenye tangi na siku nyingine hayakuwako kabisa. Alikuja kufundisha shule ya nasari. Baba naye akaanza kupitisha ng'ombe wake karibu zaidi na shule hiyo kuliko nyasi zilivyohitaji. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa, na baba hakuwahi kubisha.

Mimi na dada yangu tulipofika umri wa kusoma tulihamia Kitengela, na miaka yote hiyo mama alikuwa na ombi moja: twende kwao, sisi wanne, japo kwa siku moja. Tangu aolewe hakuwa amerudi. Kwenda peke yake hakutaka, kwa kuwa mke anayerudi bila mume huulizwa amefukuzwa kwa kosa gani. Nyanya alikuwa amezeeka, hawezi safari ndefu, na wajukuu wake hakuwa amewaona.

Basi kila likizo ya Desemba ilikuwa ya kupanga. Mama alitandaza safari mezani: sinia lilikuwa ziwa, kifuniko cha sufuria kisiwa, kiberiti ndiyo feri. Tungepanda basi hadi Mbita, ukingoni mwa ziwa, tulale kwa binamu yake, asubuhi tuvuke, jioni turudi. Kulala kisiwani hakukuwezekana, maana mkwe halazi ubavu kwa mama mkwe wake. Kwa jambo hilo Wamasai na watu wa kwao mama walipatana kabisa. Chakula cha baba kingetoka nyumbani, nyama ya kuchemsha na chapati, kwa sababu samaki kwake alikuwa nyoka aliyekosa adabu ya kukaa nchi kavu.

Baba alikisikiliza kiberiti kikivuka sinia, kisha akauliza swali lake.

"Hiyo ya kurudi inatoka saa ngapi?"

"Baba watoto, hata hatujapanda, wewe tayari unarudi."

"Nauliza tu. Na ikiharibika huko? Hiyo feri iko na miaka ngapi? Huyo anaendesha, wazazi wake walikuwa watu wa maji?"

Aliipima feri namna alivyopima fahali pale soko la Kiserian, akitafuta kasoro ili asinunue. Na kasoro hazikukosekana. Mwaka mmoja ulikuwa wa ukame, ng'ombe hawaachiki. Mwaka wa El Niño alisema maji ya nchi kavu yanamtosha. Mwaka uliofuata kulikuwa na ng'ombe wa kuzaa, kana kwamba alihitajika yeye kumshika mkono.

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo ya ng'ombe zilinifika. Nikasema mbele ya wote, "Baba anaogopa maji, basi."

Dada alinifinya. Nilingoja kofi la maneno, lakini baba aliinua tu kikombe chake cha chai.

"Ni kweli," akasema. "Maji naogopa."

Nilijiona nimeshinda. Leo nashangaa jinsi alivyokubali upesi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, habari ikaja kwamba nyanya hatoki tena nje bila kushikwa. Mama aliisikia, akashukuru aliyeileta, akaendelea kukunja nguo. Desemba ilifika na sinia likabaki jikoni. Hakunung'unika wala hakununa, alipika na kutania kama kawaida, ila kisiwa hakukitaja tena. Nyumba ilikuwa nzito. Nadhani baba angependelea kugombezwa.

Jumapili moja tulimkuta baba ameketi mezani na lile sinia. Kifuniko alikuwa amekiweka kinyume, kiberiti kikiwa mkononi.

"Mama watoto," akaita. "Kuja unionyeshe tena."

Mama alisimama mlangoni huku akijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyokuwa na maji. Kisha akavuta kiti.

Tulisafiri wiki hiyo hiyo. Jirani yetu Msomali, mama mwenye duka, alituazima chupa yake kubwa ya chai na kuahidi kulisha kuku. Kwenye feri baba aliketi katikati kabisa, shuka limekazwa begani, rungu katikati ya magoti. Kisiwa kilipoonekana, kijani na kimya, mama alisimama. Nilimwona akipumua kana kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akipumua nusu. Baba naye alimwona.

"Ng'ombe wa kununua," akasema polepole, akitazama miguu yake, "humpitishi karibu na boma alikotoka. Akinusa tu nyasi za kwao, harudi na wewe."

Mama aligeuka. "Kumbe mimi ni ng'ombe?"

"Hapana. Ng'ombe ningemfunga kamba."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao, na moyo ulinivimba kwa kumpenda mtu huyu mzito wa maneno, aliyekubali kuitwa mwoga wa maji miaka yote kuliko kusema anachoogopa.

Nyanya alitushika nyuso mmoja mmoja. Mama alilala kichwa mapajani pake mchana kutwa, akizungumza lugha ambayo sisi hatukuijua, kwa sauti ambayo pia hatukuijua. Baba alikaa nje mbali kidogo, kwa heshima ya mkwe, na mara kwa mara aliangalia jua. Wala hakuja kutuharakisha.

Feri ilipopiga honi, tulishuka ufukoni sisi watatu tukiwa mbele. Mama alikuwa bado ameshikwa na mama yake. Baba alisimama kando ya ubao wa kupandia na hakugeuka. Kisha mama akatupita akilia waziwazi, akatangulia yeye kwenye ubao, akamnyooshea baba mkono.

"Kuja," akamwambia. "Ushike hapa usianguke."