Kuitafuta Do ya Filimbi

Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu, katika shule ya misheni karibu na Elmenteita, wakati mwalimu wa kizungu aliyetufundisha nyimbo alipomaliza mkataba wake akarudi kwao. Aliniachia filimbi ya alto. Ilikuwa ndefu na nene kuliko ile ndogo niliyojifunzia, na sauti yake ilishuka chini sana. Aliniambia vidole ni vilevile. Kuhusu noti hakusema neno, au alisema nisisikie, maana siku hiyo tulikuwa tukilia sote wawili.

Kwaya ya kanisa ilikuwa imebaki na mwimbaji mmoja tu wa alto, sauti ya pili ya wanawake. Wenzake waliondolewa pamoja na familia zao kwenye mashamba ya walowezi, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari. Nikaona filimbi itashika nafasi yao. Kiongozi wetu, mzee aliyekuwa karani kwenye machimbo ya udongo mweupe ya Kariandusi, alikubali shingo upande. Jumamosi nikafungua kitabu, nikapuliza mstari wa alto kama ulivyoandikwa. Hatukumaliza ubeti. Waimbaji walinyamaza mmoja mmoja, wakanitazama.

"Mwalimu," mzee akasema, "weka hiyo kitu kando. Tutaimba hivyo hivyo."

Sikuiweka kando. Jumatatu baada ya masomo nilikaa kwenye kinanda cha kanisa, nikapuliza C, kisha nikaitafuta kwa kidole. Niliikuta kwenye G ya chini. Nikapuliza D, ikawa A. Kila noti ilitoka nne chini, ukihesabu na ile unayoanzia. Basi ili niende pamoja na kwaya, ilinibidi kuandika kila noti nne juu.

Niliandika wimbo mzima kwenye daftari la hesabu, nikaupuliza, ukapinda vibaya. Nikafuta, nikaandika tena, ukapinda palepale. Siku ya tatu nilichukua daftari nikamfuata mzee huko Kariandusi. Alitoka ofisini na vumbi jeupe la machimbo kwenye nyusi, akatazama ukurasa wangu. Alisema mistari hiyo haijui, yeye ni mtu wa solfa, ya do re mi.

"Do ya kwaya ni G," akasema. "Yako iko wapi?"

"C."

"Basi wimbo ni ule ule. Ni do tu imehama."

Nilisimama pale pale nikauimba polepole kwa do re mi, nikianzia C, na kosa langu likaonekana: nilikuwa nimehamisha noti nikaiacha mwanzoni mwa mstari shapu ya F, alama ya kuipandisha F nusu, ambayo do ikiwa C haitakiwi. Kuanzia siku hiyo niliandika solfa kwanza, noti baadaye. Mzee aliniruhusu kurudi mazoezini.

Jumapili ya mavuno tulialikwa na kanisa moja la Nakuru. Tulipofika, waimbaji wawili wa soprano, sauti ya juu, walikuwa na mafua, na mzee akatangaza kwamba wimbo mkubwa utashushwa mpaka F. Kisha akanikumbuka. Aliniuliza kama ningependa kuiacha filimbi, nikae tu na wenzangu niimbe. Nilimwambia hapana. Nilikaa juu ya jiwe nje ya kanisa na penseli. Do ya kwaya F, yangu B flati, yaani B iliyoshushwa nusu. Ibada ilikuwa imeanza nikiandika, na nikaingia mlangoni nikipuliza karatasi ili unga wa kifutio utoke.

Ubeti wa kwanza nilikosea E, nikasahau kwamba nayo ni flati. Yule mwimbaji wa alto alinigusa kiwiko. Ubeti wa pili niliipata, na nikamsikia akitulia, akiacha kukaza koo ili sauti yake ijaze nafasi ya watu wanne. Kwa mara ya kwanza tangu wenzake waondoke, aliimba kama mtu aliye na wenzake.

Tukirudi ndani ya lori, mzee alinipa daftari lake la solfa, limefungwa kwa kamba.

"Anza kuandika nyimbo za Krismasi," akasema.

Zilikuwa nyingi. Nilianza kesho yake.