Pumzi ya Laini Saba

Nimehama mara nyingi kuliko mtu mwenye akili anavyopaswa kuhama. Nimeuza maji Kisumu, nimelinda duka la simiti Lodwar, nimesukuma chapati kwenye hoteli ya kando ya barabara kule Voi, na kila mara nimerudi Nairobi nikijiambia ni kwa muda tu. Sasa nina chumba Kawangware, upande unaopakana na Riruta, na kazi yangu ni kusafisha mabwawa ya kuogelea katika nyumba za watu wenye nafasi. Naopoa majani, napima dawa, nasugua vigae. Ni kazi ya kutembea kutwa nzima ukizunguka mahali pamoja, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu.

Bwawa mojawapo hukodishwa kila Jumamosi na mwalimu wa kuzamia, mwanamke wa Mombasa mwenye sauti ya chini na subira ya kuogofya. Siku ya kwanza nilipowaona wanafunzi wake wamekaa sakafuni mwa bwawa, juu ya vigae nilivyovisugua mimi, wakipumua kama watu walio sebuleni, miguu iliniwasha. Pale palikuwa mahali ambapo sijawahi kuhamia. Tulielewana kwamba mimi nitabeba mitungi ya hewa na kuosha vifaa, naye atanifundisha. Halafu akaongeza neno lililoninyima usingizi. Rafiki yake mwenye kituo cha kuzamia Pwani alikuwa akitafuta mtu wa kutunza vifaa na kushuka na wageni, ila lazima awe na cheti. Nikikipata kabla ya msimu wa wageni kuanza, nafasi ni yangu.

Nilidhani masomo ndiyo yatakayonishinda, maana nilitoka shule ya upili zamani na tangu hapo sijashika kitabu kwa dhati. Hayakunishinda. Tulisoma chini ya kivuli cha maegesho ya magari, na kanuni ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko zote: usishike pumzi. Hewa unayovuta ukiwa chini imebanwa na maji, mwalimu alitueleza, na unapopanda inatanuka. Ukiwa umefunga koo, haina pa kutokea ila kupasua mapafu. Hata kwenye bwawa hili, alisema, usidanganywe na vigae vizuri. Nilicheka moyoni. Nani asahau kupumua?

Nilisahau mimi. Tuliposhuka, wenzangu walitoa mapovu kama sufuria za uji. Juu ya kichwa changu maji yalikuwa matulivu. Mwalimu alinionyesha kidole gumba, ishara ya kupanda, na tulipofika juu akauliza, "Kaka, mapovu yako yako wapi?"

"Nimeyaweka akiba."

Hakucheka. "Usinitanie. Nimeona kifua chako kimesimama. Ulikuwa umeshika pumzi, na nilipokwambia upande ukapanda nayo. Unataka nikamwambie nani kwamba umekufa kwenye maji ya kuogea watoto?"

Nilijitetea kwamba sikujua. Ilikuwa kweli. Usiku nikakumbuka nilikojifunzia.

Nilizaliwa Laini Saba, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, karibu na reli. Njia yetu ya kwenda shule ilipita kwenye mtaro mpana uliopokea maji ya vyoo vya majirani wote, na watoto wa upande ule tulikuwa na desturi yetu. Aliyetangulia alipiga kelele, "Shika!" Nasi sote tukafunga mdomo na pua kwa ndani, bila kutumia mkono, kwa sababu kutumia mkono ni ushamba. Tulivuka ubao, tukapita nyuma ya vyoo, tukapanda hadi relini. Pale juu ilibidi ufungue mdomo na useme jina la mama yako kwa sauti ya kawaida. Ukihema umeshindwa, utachekwa hadi mapumziko ya saa nne. Mimi sikuwahi kuhema. Nilikuwa bingwa, na ni ubingwa pekee niliowahi kuwa nao. Basi mwili wangu ulijifunza kwamba mahali pageni na pabaya panapitwa na kifua kilichofungwa. Nafikiri hata miji mingine niliyokaa niliipita hivyo hivyo.

Badala ya kulishughulikia hilo, nilifanya wanachofanya wazamiaji wengi wapya: nililaumu vifaa. Nilijishawishi kwamba baridi ndiyo inayonikaza kifua, na kwamba nikipata suti yangu ya mpira nitapumua kama samaki. Nikaenda soko la Toi, kwenye mitumba, nikachimba marobota hadi nikaipata, nyeusi, yenye mstari wa buluu ubavuni. Ilinipwaya kidogo tu kifuani na shingoni. Na kwa sababu hapa kwetu mtumba haujawa wako mpaka fundi aubane, niliipeleka moja kwa moja Laini Saba kwa fundi wa nguo niliyesoma naye.

Aliishika kwa vidole viwili. "Buda, hii ni nguo ama ni tairi?"

"Ni ya kuzamia."

"Kuzamia wapi? Kwa mtaro?" Wateja wake wakaangua kicheko. "Wewe hukai mahali. Umemaliza nchi kavu, sasa unaenda kusumbua samaki."

"Bana tu, wacha mdomo."

"Vuta tumbo ndani basi."

Nilivuta tumbo ndani, nikashika pumzi, naye akapima. Akaibana kifuani na shingoni kwa cherehani, mshono juu ya mshono, ikanikaa kama suti ya harusi. Nilijitazama kwenye kioo chake nikapendezwa.

Jumamosi mwalimu alinizunguka mara moja. Aliinama, akatazama mshono, akaanza kucheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko cha kujishika magoti. "Mmetoboa mpira wote! Maji yataingia kama kwenye chekecheke. Na hapa kifuani, hebu vuta hewa." Sikuweza kuivuta hata nusu. "Umemlipa fundi akukabe shingo," alisema, akanivua ile suti kama mtu anayemenya ndizi mbichi.

Kwa hiyo nikiulizwa maoni kuhusu vifaa, haya ndiyo niliyo nayo. Nunua miwani tu, kwa sababu hakuna uso unaofanana na mwingine, na miwani inayovuja inakuharibia kila kitu. Vingine vyote azima au kodi mpaka ujue mwili wako unafanyaje chini ya maji. Na usimpe fundi kitu chochote cha kuzamia akibane, hata kama mmetoka mbali.

Suti ilipokwisha kuvuliwa, sikuwa na cha kulaumu tena. Nikaanza kufanya mazoezi ya aibu. Kila nilipotoka kazini nilitembea kutoka Kawangware hadi Laini Saba, nikavuka ule mtaro polepole nikipumua kwa mdomo wazi, kuvuta na kutoa, kama mwalimu alivyonielekeza. Upande mmoja umefunikwa kwa zege siku hizi, na vibanda vya kando ya reli si vile nilivyoviacha. Lakini harufu ipo. Sikuwahi kuinusa vizuri nilipokuwa mdogo. Ndani yake kulikuwa na sabuni ya mche, mafuta ya taa, na mandazi ya mtu jirani, na nilisimama pale kwenye ubao nikihema kama mgonjwa, nikiwaka hamu ya kuondoka na hamu ya kubaki kwa wakati mmoja. Mama mmoja aliyebeba ndoo aliniambia, "Baba, kama unataka kutapika, sogea nipite."

Mazoezi yalisaidia. Bwawani mapovu yalianza kutoka, si mengi, lakini yalitoka. Mwalimu aliniruhusu kwenda na kikundi Pwani kwa mtihani wa baharini. Nilishuka vizuri. Nilitoa maji kwenye miwani, nilibadilisha kifaa cha mdomoni, kila nilichoagizwa nilikifanya. Zoezi la mwisho lilikuwa kupanda kama mtu aliyeishiwa na hewa, ukitoa sauti ya "aaa" njia nzima ili kifua kisifunge. Nilianza kuitoa. Katikati maji baridi yalinipitia usoni, maji mageni, na sauti ikakatika. Sikuamua. Kifua kilijifunga chenyewe. Mkono wa mwalimu ulikamata jaketi langu la kuzamia, ukanishikilia pale pale hadi mapovu yakatoka.

Ufukweni alitia sahihi vyeti vya wenzangu wote. Changu hakukitia.

"Mwalimu, ni zoezi moja tu," nilimwambia.

"Ndilo hilo moja linaloua."

"Msimu unaanza. Ile nafasi itachukuliwa."

"Najua. Nimeshampigia rafiki yangu simu. Nimemwambia asikungoje."

Nilikasirika safari nzima ya kurudi. Jamaa mmoja niliyemjua Voi alinitumia ujumbe kwamba kuna mtu huko Pwani anayetoa cheti kwa siku moja, hata kama bahari hujaizoea. Usiku huo nilizunguka Kawangware hadi miguu ikauma. Nilijua jinsi ya kuondoka, hicho ni kitu ninachokiweza. Lakini kila nilipojiona na kile cheti cha haraka nikimshusha mgeni chini, niliona kifua changu kikifunga, naye akinitazama akisubiri ishara yangu. Cheti ambacho hakuna anayeweza kukunyima hakisemi lolote juu yako. Sikumjibu yule jamaa.

Nafasi ilichukuliwa na mwingine. Jumamosi iliyofuata niliosha mitungi, nikavaa suti ya kuazima, nikashuka na kikundi kipya cha watu wasiojua chochote. Nilikaa kwenye vigae, miguu ikiniwasha kwenda popote pengine. Mwalimu alinipa ishara. Nilipanda nikisema "aaa," mapovu yakinitangulia, na karibu na juu yakapungua, yakawa moja moja.

Alitazama. Akatikisa kichwa, akazungusha kidole hewani: rudia.

Nikarudi chini.