Dokta wa Birere na Mashanza ya Mama Yetu

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, kwenye lile kundi la simu la mtaa wetu ambako kwa kawaida watu hutangaza mbuzi aliyepotea na maji yaliyokatika. "Dokta wetu ametutoka," iliandikwa, na chini yake zikamiminika alama za machozi mpaka simu ikaanza kupata moto. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikaendelea kunywa. Nawaambia mapema, wasomaji wangu, ili asije mtu akadhani safu hii leo imegeuka kanisa. Nimewahi kuandika hapa kumbukumbu za watu niliowapenda, na kila nilipoishiwa niliazima maneno ya makaburini: alikuwa mkarimu, alikuwa mcheshi, pengo lake halitazibika. Kwa huyu siazimi kitu. Nilimchukia akiwa hai, na kwa kuwa kifo hakikufuta hata jambo moja katika aliyoyafanya, sioni sababu ya kujifanya kimenigeuza mimi.

Kwanza hakuwa dokta. Alikuwa muuguzi aliyefanya kazi miaka michache katika kituo cha afya upande wa Rutshuru, akaja Goma kama wengi wetu tulivyokuja, mbio, na akafungua famasi ya mbao na bati pale Birere, mahali ambapo motari, wale madereva wa pikipiki, wanasubiri abiria na mtu hawezi kupita bila kumkanyaga mwenzake. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku ya mvua. Foleni yake haikuisha, na sababu haikuwa siri: hakuuliza maswali. Hospitali wanakuuliza umeanza lini, umekula nini, nenda labo ukapimwe, rudi kesho. Yeye alikusikiliza nusu sentensi. "Dokta, mutoto anaharisha." "Kamata hii. Mbili asubui, mbili mangaribi. Akipona, yenye inabakia utunze." "Na kuku zangu zinalala-lala, Dokta." "Ni ileile. Fungua kapsile, mwaga mu maji yao." Tetra, yaani tetrasaiklini, kwa kikohozi, tetra kwa tumbo, unga wa tetra juu ya kidonda. Nami nilipanga foleni hiyo miaka mingi, tena nikimsifu kwa wageni, kwa hiyo msidhani nazungumza kama mtu aliyetokea mbinguni.

Alikuwa na usemi mmoja aliourudia kama salamu: mikrobe ni mikrobe. Maana yake, vijidudu vyote ni adui na vyote vinauawa kwa njia moja. Nusu ya usemi huo naikubali. Mtu anayeishi mji huu hahitaji kufundishwa kwamba mikrobe zinaua. Tunachota maji ziwani pale Kituku, mahali palepale ambapo wengine wanafua na wengine wanafanya yasiyosemeka, na kipindupindu kinatujua kwa majina. Nimewaona wale vijana wa klorini wanaosimama ufukweni na bomba la sindano, wakitia tone katika kila bidoni, yaani dumu la maji, na nimewaona watu wazima wakiwatukana kwa sababu ya harufu. Wanaotukana ni wapumbavu, na niliwahi kuandika hivyo hapahapa. Lakini nusu ya pili ya usemi ule ni uongo, na mkulima yeyote wa maharage angeweza kumwonyesha. Mtaalamu mmoja wa kilimo aliwahi kung'oa shina la harage mbele yangu huko Munigi, akanionyesha vinundu vidogo kwenye mizizi, akasema humo ndani wanaishi wadudu wasioonekana kwa macho wanaolisha udongo bure. Ng'ombe naye hawezi kumeng'enya nyasi bila mikrobe za tumboni mwake. Ukiziua zote kwa sababu zina jina moja, unabaki na udongo uliochoka na ng'ombe aliyevimba. Na unabaki na maziwa yasiyoganda, na hapo ndipo ugomvi wangu na marehemu ulipoanzia.

Mama yetu alitoka Masisi na kibuyu cha mashanza. Kwa msomaji wa mbali: mashanza ni maziwa yaliyoganda, mazito, yenye uchachu unaokufanya ufumbe jicho moja. Hayatengenezwi kwa dawa yoyote. Unabakiza kikombe cha maziwa ya jana ndani ya kibuyu, unamwagia mapya juu yake, na ya jana yanayafundisha ya leo. Mama alipokea kikombe cha kwanza kutoka kwa mama yake, naye kwa wa kwake, na hakuna anayejua mwanzo. Mlima ulipotema moto, mama alikimbia na kibuyu mgongoni na watoto mkononi, na sisi tulimtania kwamba angeulizwa achague, angefikiri kwanza. Alipofariki, kibuyu kilibaki kwa dada yangu mkubwa, Yaya, mjane anayeishi Munigi. Picha za mama hatuna hata moja, zote ziliungua. Tulikuwa na ladha ile tu. Asubuhi ukinywa kwa Yaya, mama alikuwa bado yupo nyumbani.

Siku moja Yaya alinipigia simu na sauti ya mtu aliyefiwa. "Mutoto ya mama, maziwa inakataa. Siku tatu, inakataa." Nilimkuta ameketi chini na kibuyu kati ya miguu. Maziwa yalikuwa majimaji, meupe tu, kama yametoka kukamuliwa. Siku ya nne yalianza kunuka, si kuchacha bali kunuka, na Yaya akayamwaga yote pamoja na kikombe cha jana, akakiosha kibuyu kwa maji ya moto. Alikisingizia kila kitu: kibuyu kimezeeka, kuni zimebadilika, jirani amekiangalia vibaya. Akaanza kutafuta kikombe kingine cha mashanza kwa wanawake ambao yeye na mama waliwahi kuwagawia. Wengine walikuwa wamehama, wengine walikuwa wamekwisha kuacha siku nyingi na wananunua ya dukani. Ndipo alipomkamata muuza maziwa wetu, mtu mpole anayeteremka na bidoni zake kutoka vilimani, akamwuliza kama amebadilisha ng'ombe.

"Hapana, Mama. Ngombe ni zile." Akakuna kichwa. "Ila barabara iko mubaya sana, maziwa ilikuwa inafika imeisha kuharibika. Dokta wa Birere njo alinisaidia. Ninafungua kapsile mbili mu kila bidoni. Sasa inafika muzuri kabisa." Alisema kwa fahari, maskini, akidhani tutamshukuru. Yaya alimpa kisogo. Aliingia ndani akafunga mlango, nikamsikia analia kama siku tuliyomzika mama.

Nilipanda pikipiki nikashuka Birere. Niliipita foleni yote, nikamweleza mbele za watu: dawa yako imeingia katika maziwa, imeua kilichokuwa kinayagandisha, kilikuwa cha mama yetu, na tangu hapo kilichobaki ni uozo. Alinisikiliza huku anahesabu vidonge. "Unaniletea mashauri ya maziwa?" akasema. "Mashanza ni maziwa yenye imeoza, ni mikrobe tupu. Ungeniambia aksanti." Nami kwa hasira nikatamka neno ambalo hadi leo wananikumbusha sokoni: "Ni mikrobe ya mama yangu!" Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka sana, alitabasamu tu, na hilo liliniuma zaidi. "Journaliste, mikrobe ni mikrobe. Miye ninaua, weye unaandika. Kila mutu na kazi yake. Nani anafuata?" Nikaapa pale mlangoni kwamba mimi na watu wangu hatutanunua kwake, hatutamsalimu, wala yeye wala mtu yeyote wa nyumba yake. Kiapo hicho nilikishika vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuapa.

Kilichomuua kilikuwa kidonda cha mguu. Alijikata kwenye jiwe la volkano uani kwake, mkato mdogo, akaunyunyizia unga wake, akameza vidonge vyake, akaendelea kuhudumia foleni kwa mguu mmoja. Mguu ulivimba, akabadilisha vidonge. Alipopelekwa hospitali, walichukua usaha wakaupima labo, na karatasi ikarudi na orodha ya dawa, mbele ya karibu kila dawa herufi R. Maana yake mikrobe zile zimekwisha kuizoea dawa hiyo, haiziogopeshi tena. Wanasema aliisoma mwenyewe, akaikunja, akageukia ukutani. Nilipohadithiwa nilicheka. Sijivunii kicheko hicho, lakini nilisema sitawadanganya. Zile dawa za kwenye orodha zilikuwa zote kwenye rafu yake, na baadhi yenu mnazo kabatini sasa hivi, zile mlizoambiwa mtunze.

Sikutaka kwenda kwenye kilio. Yaya ndiye aliyenilazimisha. "Mwenye alikufa ni yeye, mwenye analia ni bibi yake," aliniambia, na akabeba sufuria ya maharage kichwani. Tulikuta watu wamejaa hadi barabarani, na msemaji akieleza jinsi marehemu alivyowakinga watoto wetu na mikrobe. Nikatazama viatu vyangu. Yaya alienda moja kwa moja kwa mjane, akapiga magoti, akamwambia, "Mama, utuhurumie, tunakuya na maharagi tu. Zamani tungeleta mashanza. Hatuna tena." Mjane hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi.

"Ninajua," akasema. "Nilikuyaka kwenu. Papa huyu akanifukuza."

Jambo hili sikuwasimulia pale lilipostahili, kwa sababu ya aibu. Siku chache baada ya ugomvi wa Birere, mwanamke alikuja Munigi kwa Yaya, nami nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilimtambua, alikuwa mke wa Dokta. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa ndani ya kitenge. Alianza, "Papa, nilisikia mambo ya maziwa," nikamkata hapohapo. Nilimwambia arudi kwa mume wake aliyemtuma, na kwamba kitu cha nyumba yao hakitavuka mlango huu. Akageuka na kitenge chake, akaondoka. Yaya sikumwambia. Nilijiona mwanamume.

Mjane alimshika Yaya mkono, akampeleka jikoni, nami nikafuata. Juu ya rafu palikuwa na kibuyu kidogo cheusi kwa moshi. "Mama yenu njo alinipatiaka kikombe ya kwanza," alisema, "wakati nilikuwa nimetoka kuolewa, tunaishi Munigi. Sijaachaka ata siku moja. Maziwa ninakamataka kwa shangazi mwenye ngombe moja tu." Yaya alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akafumba jicho. "Njo yeye. Njo mama," akasema, na machozi yakaanza kumtoka, na mjane naye akalia, kila mmoja akimlilia mtu wake. Mimi nilikosa pa kuweka mikono. Nikauliza, kwa ubaya ambao ulikuwa bado haujaniisha, kama marehemu alijua. "Alijua," mjane akajibu. "Kila asubui alikuwa anakunywaka mbele ya kwenda ku kazi. Alisemaka hii yetu haina mikrobe."

Bado simpendi. Famasi sasa inaendeshwa na mdogo wake, koti ni lilelile na foleni haijapungua, kwa hiyo nasema kwa wote wawili, aliyekufa na aliyerithi. Anayekupa kidonge mwulize kinakwenda kuua nini, na akishindwa kukujibu, nenda labo, hata kama ni mbali na utaambiwa urudi kesho. Ng'ombe aliyedungwa sindano, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku alizosema mganga wa mifugo ziishe. Na tetra haina kazi ndani ya bidoni. Hayo ndiyo makosa ya marehemu, na nimeyasema kwa furaha. La kwangu nalisema kwa shida. Yeye alikuta viumbe wengi wenye jina moja akaona wote ni adui, nami nilikuta nyumba yenye watu kadhaa nikafanya vilevile. Karibu mwaka mzima dada yangu alikuwa akikisugua kibuyu kitupu kila Jumamosi na kukianika mlangoni, akimlilia mama, na mama alikuwa amekwisha kuletwa mpaka mlango huohuo, amefungwa ndani ya kitenge. Nilimrudisha mimi. Sikumwuliza yule mwanamke amebeba nini.