Bibi Harusi Aliyewika

Bi Mkunga alistaafu mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa tano alikuwa ameshapiga pasi mapazia yake mara nne. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka thelathini na minne haachi kuamka eti kwa sababu amepewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Macho yalifunguka yenyewe, miguu ikashuka kitandani, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuna anayemsubiri. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Wanawe walikuwa miji ya mbali, wakipiga simu kila Jumapili. Basi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, mikono iliyopokea watoto wa nusu ya mtaa ule, akaona upweke mpaka akaogopa.

Ndipo akaamua kufuga kuku.

Alikopanga kulikuwa na nyumba tatu zilizozunguka ua mmoja. Kulia kwake alikaa Fundi Bomba na mkewe, pamoja na mtoto wao wa kwanza, binti mdogo ambaye Bi Mkunga alimpokea siku chache kabla ya kustaafu, na ambaye alilia kama ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba halisi alikaa upande wa mbele: mjane aliyekuwa karani wa mahakama, na watu wote walimwita Mama Karani. Mama huyu hakuwa mtu wa mazungumzo, alitoa hukumu. Alilisikiliza ombi la kuku mpaka mwisho, akavua miwani, akasema sawa, kuku sita, majike tu. Siku atakayosikia jogoo katika ua wake, banda zima litaondoka na wote waliomo.

Bi Mkunga aliliona sharti hilo jepesi kuliko pamba. Sokoni, muuza vifaranga alitaka kumchagulia, akakataliwa.

"Ndugu yangu," Bi Mkunga alimwambia, "mimi nimewaambia watu 'ni msichana' kabla mtoto mwenyewe hajalia."

Akavaa miwani, akamgeuza kifaranga mmoja mmoja, akampapasa tumbo, akamtazama usoni. Muuzaji alikuna kichwa. Alijua fika kwamba kifaranga wa umri ule hajaandikwa popote kama ni jike au dume. Lakini alijua pia kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Akanyamaza, akatoboa matundu kwenye boksi.

Basi maisha yakarudi. Saa kumi na moja Bi Mkunga alikuwa uani na taa yake ya mkononi, akibadilisha maji, akizoa kinyesi, akichanganya pumba na dagaa waliosagwa. Kila kuku alikuwa na kadi yake ya kliniki, imetundikwa kwenye msumari juu ya banda: jina, uzito wa kila Jumamosi, chanjo, maoni. Mmoja aliandikiwa "mlafi, anyonyeshwe kidogo," maana kalamu ilishazoea kuandika hivyo. Kifaranga mweupe mwenye miguu mirefu, aliyetembea kwa madaha huku wenzake wakimpisha, alipewa jina la Bibi Harusi. Kwenye kadi yake, mbele ya neno jinsia, Bi Mkunga aliandika kwa herufi kubwa: KE.

Bibi Harusi akakua kuwapita wote. Akaota upanga mwekundu kichwani, na mkiani yakajikunja manyoya marefu yanayong'aa. Mke wa Fundi Bomba, akiwa na mtoto begani, alimtazama asubuhi moja akauliza kwa upole kama yule kweli ni binti. Bi Mkunga akamjibu kwamba wapo wanawake wa shoka, hata miongoni mwa kuku. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsuta, ila ulimi ulikataa katakata.

Jumanne moja, saa kumi na moja na robo, Bibi Harusi alipanda juu ya ndoo, akanyoosha shingo, akawika.

Haikuwa sauti ya kujivunia. Ilianza vizuri, ikakwama katikati, ikaishia kama bawaba ya mlango wa zamani. Lakini ilikuwa ni kuwika. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini; huyu alizaliwa mjini, kwa hiyo methali haikumhusu. Bi Mkunga alishika kifua, akaanza kukohoa kwa nguvu ili aifunike ile sauti. Kichwani mwake aliliona banda tupu, kadi sita zikipepea, na yeye amerudi kwenye ukingo wa kitanda. Hofu ile ndiyo iliyomfanya mwanamke mwenye heshima zake atende aliyoyatenda wiki nzima.

Kila jioni alimchukua Bibi Harusi kwapani, akamlaza bafuni ndani ya boksi, akalifunika kwa shuka. Alfajiri, jogoo alipojikohoza tu, Bi Mkunga alifungulia bomba mpaka mwisho juu ya ndoo ya bati, akawasha redio, naye akakohoa juu ya hayo yote. Siku ya tatu mke wa Fundi Bomba alimletea asali na ndimu kwa ajili ya kile kifua. Bi Mkunga aliipokea huku akiona aibu mpaka masikioni. Siku ya tano Mama Karani alimuuliza uani mbona bafuni kwake kuna kelele kila alfajiri, na Bi Mkunga, ambaye hakuwahi kumdanganya mgonjwa, akasema bomba limeingia hewa.

"Bomba," alirudia Mama Karani, akaingia ndani.

Uongo huo ndio uliomponza. Jumatatu alfajiri, kabla jogoo hajafikiria lolote, mlango uligongwa. Ni Fundi Bomba, na mkoba wa spana mkononi. Mwenye nyumba amemtuma aangalie lile bomba saa ileile linapolia. Nyuma yake alisimama mkewe na mtoto mgongoni, maana mtoto ameshaamka na hakuna anayelala tena.

Bi Mkunga alijaribu kusema kwamba limeshapona. Fundi akamwambia bomba halijiponyi, akapita, akafungua mlango wa bafu, akaufunga nyuma yake. Kisha kutoka mle ndani ikatoka sauti ya Bibi Harusi, ndefu, kamili, isiyokwama popote. Fundi akatoka taratibu, ana unyoya begani.

"Bi Mkunga," alisema, "bomba lako halina tatizo."

Mkewe hakucheka. Alimtazama yule mama aliyesimama na taulo mkononi, macho yamejaa machozi.

"Mama, siku ile ya uchungu mimi naona haya, nimejifunika shuka mpaka kidevuni. Uliniambia nini?"

Bi Mkunga alikumbuka. Aliwaambia hivyo mamia ya wanawake, wengine kwa kubembeleza, wengine kwa ukali.

"Mficha uchi hazai," alisema.

Hakungoja kupambazuke. Alimtia Bibi Harusi kwapani, akachukua kadi msumarini, akavuka ua, akabisha hodi. Akasema yote: sokoni, bafuni, ndoo ya bati, kikohozi cha uongo. Mama Karani alivaa miwani akaisoma kadi mstari kwa mstari. Alipofika kwenye KE alikaa hapo muda mrefu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ndipo Bi Mkunga alipogundua kwamba yule mama ana mwanya, maana hakuwahi kumwona akicheka.

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini, mwenzangu," alisema alipopata pumzi. "Bomba haliwiki. Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe."

Hukumu ikatoka palepale kizingitini. Jogoo aondoke kabla ya Jumamosi. Majike watano wabaki, kwa kuwa hawakuwika na hawakudanganya.

Bi Mkunga alishukuru, lakini njiani kwenda sokoni alilia kidogo, akalifuta chozi kwa ncha ya kitambaa kilichofunika tenga. Muuza vifaranga alikuwa na uwanja mpana nje ya mji na alihitaji jogoo mzuri. Alimtazama Bibi Harusi, akamtazama na mama, akauliza kama ndiye yule. Bi Mkunga akakiri ndiye. Muuzaji hakumcheka; alimwambia tu kwamba mkewe kajifungua mtoto wa kiume. Bi Mkunga akampongeza, akaomba kifaranga mmoja wa kujaza nafasi.

"Safari hii," alisema, "nichagulie wewe."

Kesho yake macho yalifunguka saa kumi na moja, kama kawaida. Ua ulikuwa kimya, na ukimya ule ulimkaa vibaya moyoni. Alikuwa bado anavaa viatu mlango ulipogongwa. Mke wa Fundi Bomba alisimama hapo, macho mekundu, mtoto mikononi akipiga kelele.

"Mama, wewe huwa umeshaamka saa hizi," alisema. "Mimi sijalala tangu amezaliwa. Nishikie mpaka saa moja tu."

Bi Mkunga alinyoosha mikono. Akamzungusha mtoto uani kwenye baridi ya alfajiri, akamwonyesha kuku mmoja mmoja, na mtoto akanyamaza kuwatazama. Ikawa hivyo kila siku. Wiki haikuisha kabla kadi ya saba, ya mtoto, haijatundikwa kwenye ule msumari: uzito, chanjo, maoni, "mlafi." Fundi Bomba alisimama asubuhi moja kuisoma, spana mkononi, akafika mahali pa jinsia palipoandikwa KE.

Akamgeukia Bi Mkunga kwa heshima zote, akamuuliza kama ana uhakika.