Kikombe cha Tisa cha Kocha Danilo

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, na hapo hapo kifua kinanijaa fahari. Tulia nikuhadithie, maana nakuona umenuna kwa kuwekwa benchi, na benchi mie nalijua.

Ilikuwa hapa hapa Ibra, Omani, miaka ya tisini, nami nina miaka kumi na tisa. Nikicheza mpira wa kikapu, na nikiucheza kweli, si utani. Sur wakinijua, Nizwa wakinijua. Tabu ni kwamba na mimi nilijua kuwa wananijua. Mpira ukishafika mkononi mwangu basi tena, hautoki mpaka uende kikapuni au uende nje.

Klabu ikaleta kocha, Mfilipino, jina lake Danilo. Bwana huyu alikuwa mchezaji wa kulipwa kwao Manila, watu wakijaza ukumbi kumwangalia, mpaka goti lilipomharibikia akashika ukocha. Lakini sie tuliyajali hayo? Wapi! Sie tulizoea Wafilipino wa hospitali na wa madukani, na, Mungu anisamehe, tulizoea kuwaamrisha. Kila siku alifika uwanjani kabla yetu, akichechemea, akashika ufagio akafagia mwenyewe, kwa sababu mchanga ukikaa chini mguu unateleza. Nilipomwona na ufagio ule nikamshusha cheo siku hiyo hiyo. Mtu wa ufagio atanifundisha nini mie?

Akaniambia nitoe pasi, sikutoa. Akaniambia tena, nikacheka. Mara ya tatu akaniambia kwamba Ijumaa, kwenye mechi na Sur, nitaanzia benchi.

Damu ilinichemka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Ami Seif, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa klabu, nikamwambia Mfilipino huyu hajui kazi, anatugombanisha, wachezaji wote hawamtaki. Uongo mtupu, mwanangu. Wenzangu walikuwa wakimpenda. Asiyemtaka ni mimi peke yangu. Lakini mimi damu ya Ami, akaniamini. Akamwita Danilo nyumbani kwetu Jumatano alasiri, anywe kahawa, kisha amwambie kwa heshima kwamba kazi yake imekwisha. Danilo alikuwa na mke na binti wawili kwao, wote wakila kwa kazi ile. Nilijua. Nilijua, na bado nikaenda kuosha vikombe, maana mdogo wa nyumba nilikuwa mimi na kumimina kahawa ilikuwa kazi yangu.

Desturi yetu unaijua. Mgeni akimaliza, akakurudishia kikombe kimya, unamjazia. Akishatosheka, anakitikisa. Ami akaitwa mlangoni na jirani, tukabaki wawili. Danilo akamaliza kikombe cha kwanza, akakinyoosha, kimya. Nikajaza. Cha pili, nikajaza. Cha tatu nikasema moyoni, haa, huyu hajui! Ningeweza kumwonyesha kwa ishara moja tu ya mkono. Sikumwonyesha. Nikaendelea kumimina, macho yangu kwenye dele la kahawa na kikombe, nacheka kwa ndani. Cha sita, cha saba. Kahawa yetu ile ya hiliki, na joto la siku ile, wee! Naye anakunywa tu.

Kwenye kikombe cha tisa akaingia Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja mjini, mwanamke asiyepitwa na kitu.

"Khaa! Mbona mgeni anatoka jasho? Umemmiminia vingapi?"

Danilo aliposikia sauti ya mzee akasimama, na goti lake lile. Akainama, akanyoosha kiganja kuomba mkono. Bibi akashangaa kidogo, akaufunika mkono wake kwa ncha ya kanga, akampa. Danilo akauinua mpaka kwenye paji la uso wake. Ndivyo wanavyowaamkia wazee kwao.

"Marahaba," Bibi alisema, kama aliyeambiwa shikamoo. "Marahaba, baba." Kisha akanigeukia. "Na wewe, leo umeniamkia?"

Sikumwamkia. Wala jana yake, ukitaka kweli.

"Muulize kwa nini hakitikisi kikombe."

Nikamwuliza kwa Kiarabu. Danilo akajibu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, taratibu, bila hasira. Bibi hakukijua Kiarabu vizuri, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Hebu fikiri, mwanangu, kutafsiri aibu yako mwenyewe! Nikajaribu kufupisha.

"Yeye kasema mengi na wewe umesema machache," Bibi akanikatiza. "Toa yote."

Nikatoa yote. Alisema: "Kutikisa najua. Miezi saba nakunywa kahawa Ibra. Nilikuwa namngoja kijana huyu anitazame. Vikombe tisa, hajanitazama hata mara moja. Uwanjani ndivyo hivyo hivyo. Ana mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo mimi, lakini hamtazami mtu."

Bibi akakaa kitako. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoniumiza.

"Tulipotoka Unguja tukaja huku, mie sikuijua desturi hii. Wanawake wakanimiminia, wakanimiminia, wakichekana kwa pembeni, nami nakunywa kwa adabu zangu. Niliporudi chumbani nililia. Leo mjukuu wangu anamfanyia mgeni yale yale ndani ya nyumba yangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Sie sote wa nyumba ile tulikuwa wageni wa juzi tu, tukiitwa Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, hata sokoni, na mimi nimekwisha kusahau.

Ami Seif akarudi, akakaa, akasafisha koo. "Kocha, nimekuita kwa sababu..."

"Ami, ngoja," nikasema. "Niliyokwambia ni uongo. Wachezaji wanamtaka. Mimi ndiye nisiyetaka kutoa pasi."

Ami alinikodolea macho, nadhani angenizaba kibao lau mgeni asingekuwapo. Nami nikamgeukia Danilo, dele mkononi, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje Ibra. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na ya upole. Akakitikisa kikombe.

Benchi hakunitoa, usidhani. Ijumaa nilikaa pale mpaka dakika za mwisho, Sur wakiwa mbele yetu kwa pointi moja. Akaniita, akanambia neno moja tu: "Tazama." Nikaingia. Mpira wa mwisho ulikuwa mikononi mwangu, watu wanapiga kelele nirushe, nami nikamwona mwenzetu Khalfan wa Samad kasimama kwenye kona, hana mtu. Nikampa. Khalfan akafunga, na uwanja mzima ukalitaja jina lake. Jina langu hakulitaja mtu, na sijapata kufurahi vile maishani mwangu.

Danilo alikaa nasi miaka sita. Ufagio ule tulimnyang'anya wiki ile ile, tukawa tunafagia kwa zamu, mimi wa kwanza. Baadaye akarudi Manila akawa kocha wa timu kubwa, ya wachezaji wa kulipwa kama alivyokuwa yeye. Miaka ya elfu mbili na kitu akaja kututembelea na binti zake, wakubwa, wamesoma. Bibi alikuwa keshatutoka. Danilo akaomba apelekwe kaburini, akasimama pale, kofia mkononi. Tuliporudi nikammiminia kahawa mwenyewe, na mvi zangu hizi zimeanza. Akamaliza, akakinyoosha kikombe, kimya. Nikainua macho. Kumbe ananingoja, mzee yule! Tukacheka mpaka binti zake wakatushangaa.

Basi mwanangu, mtazame mtu. Ukimimina kahawa, mtazame unayemmiminia. Ukishika mpira, mtazame mwenzako. Anayefagia mtazame pia, na asiyeijua desturi mwonyeshe, maana na sie tulionyeshwa. Na ukikosea, sema mwenyewe mapema, kabla mwengine hajalipa kwa kosa lako. Kesho rudi uwanjani, fika wa kwanza.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuwaona watu, akupe na watu wa kukungoja mpaka uwaone, kama alivyonipa mimi. Haya, nipe mkono wako. Na shikamoo yangu iko wapi?