Keya Inazima Mlimani

Phelesia alizaliwa Karungu, kwa watu wa kusuka nyavu, na hakuna mtu Homa Bay aliyewahi kumsikia akiomba msaada. Hata maji ya kunywa alikuwa haombi, anasema tu, "Nina kiu," na mtu mwenye akili analeta.

Mume wake Cephas alinunua lori kuukuu la jeshi huko Gilgil, wakati askari Wazungu walipokuwa wakifunga virago kurudi kwao. Lilikuja na rangi yake ya majani makavu, na watu wakaliita Keya, kama walivyowaita wanaume waliokwenda kupigana Burma. Cephas hakulifaidi. Homa ilimchukua kabla mvua ndefu hazijarudi. Wazee wa ukoo walipokaa kuzungumzia vitu vyake, Phelesia alisimama akawaambia: ng'ombe wachukue, mashua wachukue, Keya hapana. Akamwandika kazi Masese, Mgusii mmoja wa maneno machache aliyekuwa ameendesha malori kama hilo vitani, wakaanza kupeleka omena, wale dagaa wa ziwani, hadi Kegonga, kule juu kwa Wakuria.

Kegonga alikuwako Nyanchoka. Huyu alikuwa Msabato, na ndiye aliyepokea mzigo wote. Alimpa Phelesia sharti moja: Ijumaa kabla jua halijazama. Jua likishazama amefunga mlango, ameoga, ameshika Biblia, na hata ukimletea samaki wa dhahabu hafungui. Siku moja alichota omena kiganjani, akanusa, akakunja uso.

"Phelesia, hii ni omena au ni mafuta ya taa?"

Ilikuwa petroli. Tangi la Keya lilikaa ubavuni, chini ya magunia, na kwenye mashimo ya barabara petroli ilikuwa ikiruka kwenye kifuniko. Phelesia hakumuuliza mtu. Alikata kipande cha mpira wa tyubu, akakivisha juu ya kifuniko, akakikaza kwa kamba ya wavu kwa fundo la kwao Karungu, lile linalozidi kukaza likilowa. Masese akitia petroli asubuhi, mama mwenyewe anafungua na mama mwenyewe anafunga. Harufu ikaisha. Nyanchoka akafurahi.

Basi ni hapo Keya ilipoanza kuugua. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ikiona mlima, inakohoa, inapungua nguvu, inazima. Ijumaa moja walifika Kegonga wakakuta mlango umefungwa. Iliyofuata, hivyo hivyo, na mvua ikainyeshea omena hadi ikaoza.

Nashon, mdogo wake Cephas, alikuja uani akiwa na kofia mkononi, akamwita kwa Kijaluo, binti wa Karungu.

"Nyar Karungu, hili lori limezeeka. Kuna mtu Kisii analitaka."

"Na mimi nimezeeka. Wa kunitaka amepatikana?"

"Nasema kwa wema, shemeji."

"Sema kwa wema ukiwa kwako." Halafu, kwa kuwa majirani walikuwa wanasikiliza, akaongeza, "Ijumaa hii Keya ikishindwa kufika, njoo na mtu wako. Mimi mwenyewe nitamkabidhi funguo."

Maneno yakishatoka kinywani mwa Phelesia hayarudi. Usingizi ulimpotea tangu siku hiyo, lakini hakumwambia mtu.

Ijumaa wakaondoka alfajiri. Kabla ya Rongo, mlimani, Keya ikakohoa ikazima. Masese akafungua boneti, akatoa plagi, akazisugua, akarudisha. Ikawaka. Mbele kidogo ikazima tena. Akafungua kabureta, akaipuliza mpaka mashavu yakauma. Ikawaka. Wakavuka mto Kuja, wakapita Suna bila kusimama hata kwa chai. Kwenye mlima wa kwenda Kehancha, ikafa.

Phelesia alishuka. "Sasa ni nini?"

Masese aliketi kwenye jiwe, akatoa tumbaku.

"Wewe! Nimekuajiri uvute?"

"Mama, ngoja. Nikisugua plagi inapona. Nikipuliza kabureta inapona. Wiki iliyopita nilisafisha chujio, ikapona. Haiwezekani vyote viwe vibovu. Leo sigusi kitu."

"Jua linakwenda!"

"Naliona, mama."

Alivuta tumbaku yake hadi mwisho. Phelesia alizunguka lori akimtukana kwa Kijaluo, na akajibiwa kwa Kigusii kitu ambacho hakukielewa na hakutaka kutafsiriwa. Kisha Masese akapanda, akawasha. Keya ikanguruma. Ikapanda hatua chache, ikazima.

"Umeona? Dawa si mkono wangu. Dawa ni kupumzika."

Alichomoa mpira wa petroli kwenye pampu, akapiga pampu kwa kile kijiti chake cha mkono. Petroli ikatoka kidogo, ikawa uzi, ikakatika. Akagonga tangi kwa ngumi. Lilikuwa zaidi ya nusu. Akasimama akitazama kile kifuniko chenye mpira, halafu akatazama barabara.

"Sema," Phelesia akamwambia.

"Nitasema nini, mama? Fundo ni lako."

"Fundo langu limekaa mbali na injini. Linaweza kuua injini?"

"Weka sikio hapa. Halafu fungua wewe mwenyewe."

Phelesia aliinama. Alilegeza kamba polepole, kwa sababu fundo lilikuwa limelowa na limekaza kama lilivyofundishwa. Mpira ulikuwa umebonyea ndani kama tumbo la njaa. Ulipoachia ukingo, tangi lilivuta hewa kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Masese akapiga pampu tena. Petroli ikaruka ikamlowesha mikono.

Tangi lilikuwa linatoa petroli bila kuingiza hewa, na kadiri lilivyozidi kunyonywa, hasa mlimani, ndivyo lilivyozidi kukataa, mpaka lipumzike hewa kidogo ipenye. Masese akaushika ule mpira autupe kichakani.

"Lete hapa! Nyanchoka apewe omena ya petroli?"

Phelesia alichomoa shazia aliyokuwa akishonea magunia, akautoboa mpira katikati tundu moja dogo, akaufunga tena kwa fundo lile lile. Magunia yaliyokuwa juu ya tangi akayasukumia mbele, na mahali pake akaketi mwenyewe.

"Kama kuna harufu, nitaisikia mimi kwanza. Endesha."

Keya ilipanda Kehancha bila kukohoa. Kegonga walimkuta Nyanchoka ameshika kitasa, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, jua limegusa miti. Alichota omena, akanusa, akanusa tena.

"Shusheni haraka."

Jumapili Nashon alikuja na mtu wake wa Kisii. Walimkuta Phelesia akianika sketi, ambayo ilinuka petroli uani kote.

"Nasikia mlifika," Nashon akasema. "Ugonjwa ulikuwa nini?"

"Ilikosa hewa."

"Nani aliiziba?"

Phelesia akakung'uta sketi mbele ya uso wa Nashon. "Mgeni wako ametoka mbali, shemeji. Mpeleke kwako akanywe chai."

Masese, chini ya lori, alikohoa kidogo, kisha akaendelea na kazi.