Chai ya Kulowesha Kibakuli

Burulcha anamjua profesa, jirani yake wa mlango wa pili hapo mjini Bishkek, kwa viti vyake. Profesa huyo wa migogoro ya mataifa hawekei watu viti vya kutazamana. Huvigeuza kidogo, vyote vielekee dirishani, kwani wanaokodoleana macho, asema, hawapatani. Mambo ya mpakani yakichafuka, redio humpigia simu, naye kwa sauti ya chini kama ya muuguzi hujibu yale yale: “Wagombane watakavyo, ila mtu asiinuke mezani.” Akikata simu hugonga ukuta, na Burulcha huja na mkate. Profesa humimina chai kidogo tu, maana kwa mila ya kwao mgeni akijaziwa kibakuli ndiyo ameambiwa aende zake.

Leo Burulcha hakuzungusha maneno. “Profesa, Jumamosi nahamia Osh, kwa mwanangu.”

Msomi wa mazungumzo akavuta birika. Akamimina.

“We! Hii chai au dawa ya macho?” Burulcha akacheka.

“Kunywa, dada yangu. Nitakuongezea.”

Akanywa, akarudisha kibakuli. Kikaja na chai pungufu zaidi, kisha na tone tu, kisha profesa akaliinamisha birika na hakikutoka kitu. Hata hivyo alimpa kibakuli kile kikavu kwa mikono miwili, macho yake dirishani. Burulcha alikipokea, akajiweka vizuri kitini, akakipuliza taratibu kana kwamba kina moto.